Kilichoshika Chini

Siku arubaini baada ya kumzika Nyafwono
niliwasha sigiri kwa mkono wangu mwenyewe,
mimi niliyegonga reli nyundo miaka thelathini
na sikuwahi kukigusa kitunguu kwa kisu.
Nilitaka mchuzi wake wa karanga na samaki wa moshi,
si mwingine.
Nikapata uji wa kijivu, mithili ya saruji
kabla haijatiwa mfukoni.
Mbwa wa jirani aliunusa, akanitazama, akaenda zake.

Basi nikachukua ndoo nikaenda bombani.
Hapa kota za reli, Tororo, maji hutoka saa mbili,
maneno hutoka tangu saa kumi na moja.
Nikauliza, kwa aibu ya mtu mzima:
"Nyafwono alikuwa anaupikaje?"

Foleni nzima ikageuka.

"Karanga zikaange kavu, moto wa upole," akasema Mama Amoding,
"zikianza kucheka chunguni, epua.
Alinifunza yeye. Mimi nikampa dawa ya fukusi:
jivu na pilipili kavu ndani ya gunia la kunde."
"Maji yawe vuguvugu," Nabwire akadakia,
"na ukoroge kuelekea upande mmoja tu.
Ukigeuza mwiko, mchuzi nao utakugeuka."
"Nyanya zitangulie."
"Nani kakuambia? Mimi aliniambia zisiingie kabisa!"
Bi Zamuda akangoja watulie.
"Chumvi ya mawe, ya Katwe. Ikizidi,
tumbukiza kipande cha ndizi mbichi kiifyonze,
kisha kipande hicho mpe mgeni usiyemtaka."
Khainza ndiye aliyesema mwisho, polepole:
"Alionja malewa yangu mara moja tu.
Jumapili iliyofuata akayapika kunishinda.
Nikamwuliza, umetia nini?
Akacheka mpaka akakaa chini."

Nilirudi na ndoo nusu
na kalenda ya mwaka jana imejaa maandishi mgongoni.

Nilifuata kila neno. Yale yaliyopingana
niliyafuata yote, kila moja na jioni yake.
Utomvu wa matoke ukaniganda vidoleni
mpaka Nabwire akanionea huruma: mafuta hupakwa
kabla ya kumenya, baba, si baada,
kama mlivyopaka grisi vyuma vyenu.
Siku ya tisa mchuzi ukawa mzuri.
Ulikuwa wa Amoding, wa Nabwire, wa Bi Zamuda.
Wake haukuwa.

Jumanne, sufuria iko motoni,
Khainza akaniita ukutani.
Lile jivu alilosugulia birika, ni la kuni
au la maganda ya ndizi?
La maganda, nikasema, pamoja na nusu ya limau
iliyokwisha kukamuliwa, usiitupe.
Akaniuliza la harufu ya samaki mikononi.
Nikamweleza. Nikaongeza ambalo hakuuliza.
Kifua kilinipanda: kumbe nami nina la kutoa.
Nikamweleza tena, kwa marefu.

Harufu ikaja ikanishika shati.

Nilikimbia. Karanga zilikuwa zimeshika chini,
si sana, ukoko mwembamba
wa rangi ya kutu ya reli.
Nikaonja huku najitukana.
Nikakaa juu ya ndoo.

Ndio wenyewe.

Miaka thelathini na mmoja alisimama pale ukutani
akigawa jivu, chumvi, kipimo cha maji,
na sufuria yake ndani ikiungua kidogo,
kila siku, kidogo,
nami nikirudi kazini nala nasema
mke wangu ana mkono.

Kesho bombani wataniuliza.
Nimekwisha kuandika, pembeni mwa Desemba,
mahali pekee palipobaki peupe:
teleka mchuzi,
kisha toka nje umtafute jirani.